UZI: Malaria iliyopanda kichwani. Mtoto amepona, kwa nini tabia na masomo vinabadilika miezi au miaka baadaye?

#1 Mtabibu77

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wazazi, walezi, walimu na wahudumu wa afya wenye mtoto aliyewahi kulazwa kwa malaria kali akapoteza fahamu. Wodini kazi kubwa ni kuokoa uhai. Mtoto akifungua macho, akanywa uji na kutembea, anaruhusiwa, nyumbani watu wanamshukuru Mungu, na habari inaishia hapo. Lakini sehemu ya madhara siku hiyo bado haijaonekana. Inakuja baadaye, na ikija haina sura ya ugonjwa. Ina sura ya utundu, uvivu au ukaidi, na mtoto anaishia kuchapwa kwa jeraha lililo ndani ya ubongo.

Kinachotokea ni hiki. Chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea vya falciparum (aina ya malaria iliyo hatari zaidi) hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo. Damu inapita kwa shida, kuta za mishipa zinavuja, ubongo unavimba. Uchunguzi wa picha za MRI uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa 2015 ulionyesha kuwa uvimbe huo ndio uliohusishwa sana na vifo. Juu ya hapo huongezeka degedege za kurudiarudia, sukari kushuka, homa kali na upungufu wa damu, na kila kimoja kinaumiza seli za ubongo kwa njia yake. Ndiyo maana watoto wawili waliolazwa vitanda jirani hawatoki na madhara sawa. Aliyekaa muda mrefu bila fahamu na aliyepata degedege nyingi ndio wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Takwimu za kwetu zipo. Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo (hii iliyopanda kichwani) walipimwa uwezo wa fikra. Miezi 6 baada ya ugonjwa, 21.4% walikuwa na upungufu, ikilinganishwa na 5.8% ya watoto wenzao wa jirani wasiougua. Miaka 2 baadaye ilikuwa 26.3% kwa 7.6%. Yaani muda peke yake haukuwaponya, na eneo lililobaki nyuma zaidi ni umakini. Kilifi, takribani mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na tatizo la kudumu katika lugha, fikra au viungo. Blantyre, kati ya watoto 132 waliofuatiliwa, 12 walipata kifafa, na katika kundi la kulinganisha hakuna hata mmoja. Wengi wa waliopata ulemavu au matatizo ya tabia hawakuwa nayo siku ya kuruhusiwa.

Kwa nini yanachelewa? Kifafa hutokana na kovu, na kovu huchukua miezi au miaka kabla ya kuanza kurusha umeme hovyo. Umakini na kujizuia ni kazi za sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwa mtoto wa miaka 3 bado inajengwa. Umri huo hakuna anayemtaka akae dakika 35 akimsikiliza mwalimu, kwa hiyo pengo halionekani. Linaonekana akifika darasa la kwanza au la pili. Wakati huo hakuna anayekumbuka ile wiki ya hospitali.

#2 Bi Shani

Asante daktari. Tuanzie mwanzo basi. Siku ya kuruhusiwa mzazi aombe nini, na akifika nyumbani aangalie nini? Maana mara nyingi anapewa dawa za siku tatu na kuambiwa arudi akiona tatizo.

#3 Mtabibu77

Swali zuri, Bi Shani. Kwanza karatasi ya kuruhusiwa iandikwe mambo haya waziwazi: alikaa bila fahamu saa ngapi, alipata degedege ngapi na ya mwisho lini, sukari ilishuka hadi kiwango gani (chini ya 2.2 mmol/L ni hatari), wingi wa damu alipoingia na alipotoka, kama aliongezewa damu, na kama maji ya uti wa mgongo yalipimwa. Hilo la mwisho lina maana yake. Homa ya uti wa mgongo hufanana na malaria ya ubongo, nayo huacha uziwi mara nyingi zaidi. Kama daktari alimulika ndani ya macho akaona mabadiliko ya malaria kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho), yaandikwe pia, maana ndiyo dalili inayothibitisha kwa nguvu kwamba malaria ndiyo iliyomzimisha na si ugonjwa mwingine. Piga picha karatasi hiyo kwenye simu. Utaihitaji miaka 5 baadaye.

Dawa: baada ya sindano za artesunate lazima amalize dozi kamili ya dawa mseto kwa siku 3, hata kama anacheza mpira. Mefloquine isitumike kumalizia matibabu kwa aliyekuwa amepoteza fahamu, kwa sababu inaweza kuleta matatizo ya akili na degedege.

Damu ipimwe tena kati ya siku ya 7 na ya 28. Artesunate huua vimelea haraka, lakini kwa baadhi ya watoto chembe za damu zilizosafishwa vimelea hupasuka wiki chache baadaye na damu ikashuka ghafla. Mkojo wa rangi ya Coca-Cola, weupe wa viganja, kuhema haraka: rudi siku hiyohiyo. Mtoto aliyelazwa na upungufu mkubwa wa damu aulizwe pia kuhusu dawa za kuzuia malaria kwa miezi 3 baada ya kuruhusiwa. WHO ilipendekeza utaratibu huo 2022, na unatolewa pale nchi ilipouingiza kwenye mwongozo wake. Kila malaria nyingine ni pigo jipya kwa ubongo uleule, hivyo chandarua chenye dawa kwa mtoto huyu si cha kukosa hata usiku mmoja.

Ratiba ninayoisimamia: wiki 2, mwezi 1, miezi 3, miezi 6, mwaka, miaka 2, halafu tena anapoanza shule. Hizo za mwanzo ni kwa ajili ya damu, macho, masikio na viungo. Za miezi 6 na kuendelea ni kwa ajili ya lugha, umakini na tabia, na ndizo zinazorukwa.

Nyumbani mzazi ajiulize: Je, anaona mchana na usiku kama wenzake? Anasikia ukimwita kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake? Ukimwambia kitu anaelewa? Maneno yake yanaeleweka na mtu asiye wa nyumbani? Kuna mkono au mguu anaoukwepa? Anakakamaa, anazubaa au kuanguka? Anajifunza mambo kama watoto wa rika lake? Jibu baya hata kwa swali moja linatosha kumrudisha kliniki. Zaidi ya yote, mlinganishe na yeye mwenyewe kabla ya ugonjwa. Mtoto aliyekuwa akiunganisha maneno matatu na sasa anasema moja amepoteza kitu, hata kama jirani wa umri wake naye hasemi sana.

#4 Fizio_Pwani

Niongeze upande wa viungo, maana hapa dirisha ni fupi.

Udhaifu wa upande mmoja: mtoto akiachwa atautumia mkono mzima tu na ule mwingine utajisahau. Mvalishe mkono mzima soksi kwa saa 1 hadi 2 kwa siku wakati wa mchezo, mpe vitu vya kushika kwa mkono dhaifu: maharage makubwa, vifuniko vya chupa, unga wa ngano uliokandwa. Vifuniko na maharage usimwache navyo peke yake kama bado anaweka kila kitu mdomoni. Kisigino kisichogusa chini maana yake msuli wa nyuma wa mguu umeanza kukaza. Nyoosha goti, sukuma unyayo juu taratibu, shikilia sekunde 30, mara 5, asubuhi na jioni. Usitumie nguvu ya kumliza, msuli utazidi kukaza. Ukiona kisigino kimekataa kabisa, anahitaji kifaa cha kuvaa mguuni, usisubiri.

Upofu: macho yenyewe huwa mazima, sehemu ya ubongo inayoona ndiyo iliyoumia. Kwa wengi hurudi ndani ya wiki au miezi. Muonyeshe kitu kimoja chenye rangi kali, chekundu au njano, mbele ya shuka jeupe. Ukimwekea vitu kumi mkekani hataona hata kimoja.

Kumeza: kama anapaliwa, akae wima, apewe uji mzito kidogo na si maji matupu, kijiko kidogo, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Kikohozi kila baada ya mlo ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa.

Lugha: kaa usawa wa macho yake, taja kitu, kisha nyamaza uhesabu hadi kumi. Ubongo uliojeruhiwa unajibu polepole, na mtu mzima huwa anamjibia kabla hajafika.

#5 KijanaMuheza

Wataalamu, naleta hoja inayosikika sana vijijini. Wazee wanasema mtoto akitoka kwenye degedege kisha akawa mkorofi, anapiga wenzake, anatupa vitu, basi kuna kitu kimemwingia, apelekwe kwa mganga. Wengine wanasema amedekezwa hospitali, dawa yake fimbo. Mnawajibuje wazee kwa heshima?

#6 Mtabibu77

Mkuu, wazee wameona jambo la kweli: mtoto amebadilika baada ya ugonjwa. Hapo wako sahihi, na mazungumzo yaanzie hapo. Waambie ugonjwa ulipita kichwani na umeacha jeraha, kama vile polio ilivyoacha mguu mwembamba na hakuna aliyeuchapa mguu. Tabia zinazoelezwa kwenye tafiti za Uganda na Malawi ndizo hizohizo: kutotulia, kukurupuka, hasira za ghafla, kupiga, kuharibu vitu. Wengine huenda upande wa pili, wanajitenga, wanaogopa, wanalia bila sababu. Hao husahaulika zaidi kwa sababu hawasumbui mtu.

Fimbo haifanyi kazi kwa sababu iliyo wazi. Adhabu inamtaka mtoto akumbuke kosa, aone kinachokuja mbele na ajizuie. Hizo ndizo kazi tatu zilizoumia. Anachapwa leo, kesho anarudia, mzazi anaongeza nguvu, na mtoto anajifunza woga tu.

Familia ikitaka dua, iombe dua. Ninachosisitiza ni mambo mawili: asivutishwe moshi wala kunyweshwa vitu, na dawa za kifafa zisisimamishwe hata siku moja.

#7 Mwl_Zawadi

Kwa walimu wenzangu. Kabla hujaandika "hasikilizi darasani" kwenye ripoti, tenganisha mambo manne, kwa sababu yanafanana kwa nje.

Uziwi: mtoto anaangalia midomo, anajibu vizuri akikuona na vibaya ukigeukia ubao. Gentamicin aliyopewa wodini, au homa ya uti wa mgongo, vinaweza kuwa sababu. Apimwe masikio kwanza, ni kipimo rahisi kuliko vingine vyote.

Macho: anasogeza daftari puani, ananakili vibaya kutoka ubaoni lakini vizuri kutoka daftari la jirani.

Kifafa kidogo: anazubaa sekunde chache, macho yamekodoa, pengine mdomo unatafuna au vidole vinachezacheza. Muite jina na umguse bega. Anayeota mchana atashtuka na kukuangalia. Mwenye kifafa hatajibu mpaka kipite, kisha ataendelea kama aliyekatwa katikati ya sentensi. Mzazi arekodi video kwa simu. Daktari atapata zaidi kwenye video ya sekunde 20 kuliko kwenye maelezo ya nusu saa.

Umakini wenyewe: anaanza vizuri, anapotea baada ya dakika chache, maagizo matatu anakumbuka la kwanza tu, na hali ni ileile shuleni, nyumbani na madrasa. Kama yuko hivyo darasani tu, tafuta sababu ya darasani.

Ukishajua ni umakini, badilisha kazi kabla ya kumbadilisha mtoto. Akae mbele, mbali na dirisha na mlango. Agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache, kisha alirudie kwa mdomo wake. Hesabu kumi zigawanywe tano na tano, katikati apewe kazi ya miguu: kufuta ubao, kupeleka daftari ofisini. Kwa darasa la kwanza na la pili anza na dakika 5 hadi 10 za kazi bila kukatizwa, ongeza dakika moja au mbili kila wiki akifanikiwa. Sifa itolewe palepale na itaje jambo: "umemaliza mstari wote bila kuinuka." Ukisubiri mwisho wa wiki kumpongeza, kwake haina uhusiano na alichofanya.

Mtihani: aongezewe muda na asomewe maswali kama kusoma ndiko kunakomkwamisha. Tanzania walimu waliosomea Patandi (chuo cha ualimu wa elimu maalumu), na Kenya waliopita KISE (taasisi ya elimu maalumu), wanajua namna ya kuandika mpango wa mtoto mmoja mmoja. Kenya pia kuna vituo vya tathmini vya EARC ngazi ya kaunti. Muulize afisa elimu maalumu wa wilaya yako kabla hujamhamisha shule.

#8 Bi Shani

Mwalimu, nyumbani tumsaidieje? Nasikia kuna mazoezi ya ubongo ya kompyuta, lakini si kila mtu ana kompyuta.

#9 Mwl_Zawadi

Kompyuta imejaribiwa Uganda kwa watoto hawahawa, vipindi 16 kwa wiki 8, na ilisaidia baadhi ya maeneo ya fikra. Lakini kilichomo ndani yake ni kumbukumbu, kusubiri zamu na kufuata kanuni, na hayo yapo uani kwako.

Panga vitu vitano kwenye sinia: kijiko, kitunguu, ufunguo, kiberiti, kitana. Aangalie sekunde 10, funika kwa kanga, ondoa kimoja, aseme kipi hakipo. Akiweza mara tatu mfululizo ongeza cha sita. Vitendawili ni zoezi zuri sana kwa sababu "tega" inamlazimisha asubiri na kusikiliza hadi mwisho. Msimulie hadithi fupi, kisha akusimulie mwanzo, kati na mwisho. Kombolela na bao hufundisha zamu na kupanga mbele. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Ratiba ya siku ichorwe kwa picha na kubandikwa ukutani: kupiga mswaki, uji, shule, kuoga, kulala. Hasira zikipanda usimhutubie; mtoe kwenye kelele, akae mahali tulivu, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, kisha arudi bila kukumbushwa kosa mara kumi. Mengine madogo yapuuzwe. Mkichagua kanuni tatu za nyumba, bibi, baba na dada wa kazi wote wazishike zilezile.

Na usalama. Mtoto anayekurupuka haoni hatari: jiko la kuni liinuliwe au lizungushiwe, mafuta ya taa na dawa vifungiwe.

#10 Chiku_M

Mtoto ambaye hakuzimia, ila alilazwa kwa malaria na upungufu mkubwa wa damu mpaka akaongezewa chupa, naye yuko kwenye hatari hii? Na hizi dawa za kuongeza akili zinazouzwa maduka ya dawa, je?

#11 Mtabibu77

Dada Chiku, ndiyo, yuko. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2014 ulionyesha upungufu wa fikra wa muda mrefu hata kwa watoto wa chini ya miaka 5 waliopata upungufu mkubwa wa damu wa malaria bila kupoteza fahamu. Wao ni wengi kuliko waliozimia, na karibu hakuna anayewafuatilia. Ratiba ileile iwahusu. Mtoto wa namna hiyo apimwe pia selimundu kama hajawahi, maana selimundu inaweza kuleta kiharusi kwa mtoto, na udhaifu wa upande mmoja ukadhaniwa ni mabaki ya malaria.

Dawa za kuongeza akili: hakuna sharubati wala kidonge kinachojenga upya seli zilizokufa. Fedha hiyo inunue mayai, dagaa, maharage na mboga za majani. Madini ya chuma atumie kwa kipimo cha damu na kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu upungufu wa chuma nao unapunguza umakini.

Sasa kifafa, kwa kuwa kimeguswa. Degedege moja ikitokea pamoja na homa, pima malaria saa hiyohiyo. Ikitokea mara mbili au zaidi bila homa, na zimepishana kwa zaidi ya siku moja, hicho ni kifafa, anahitaji dawa ya kila siku. Phenobarbital ni ya bei nafuu na ipo vituo vingi, lakini kwa mtoto ambaye tayari hatulii inaweza kuongeza fujo na kupunguza umakini. Ukiona amekuwa mkorofi zaidi tangu aanze dawa, mwambie daktari hivyo, usiache mwenyewe. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokoma. Kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, ambacho ni cha kawaida kwa hawa, carbamazepine mara nyingi inafaa zaidi: huanza miligramu 5 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, kisha inapandishwa polepole hadi 10 mpaka 20 kwa kilo. Upele ukitokea wiki za mwanzo, rudi siku hiyohiyo. Dawa zote hizi mbili hupunguza nguvu ya dawa mseto mwilini, hivyo akiugua malaria mwambie mhudumu anameza nini, na arudi kupimwa homa isiposhuka. Kupunguza dawa kunafikiriwa baada ya miaka 2 bila degedege.

Wapo wanaouliza kwa nini mtoto hakupewa phenobarbital mapema akiwa wodini ili kukinga. Ilijaribiwa Kilifi, dozi moja ya miligramu 20 kwa kilo. Degedege zilipungua, lakini vifo viliongezeka zaidi ya mara mbili, na matokeo yalichapishwa 2000. Ndiyo maana hospitali inatibu degedege inapotokea na haitoi dozi hiyo kama kinga.

#12 Fizio_Pwani

Nikukamilishie la huduma ya kwanza ya degedege, daktari. Mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni, usimwagie maji, usimnuse kitunguu. Ikipita dakika 5, hospitali. Mwenye kifafa asichote maji kisimani peke yake, asipande mwembe, asioge mtoni bila mtu mzima, asipike kwenye moto wa wazi.

#13 KijanaMuheza

Na kama ugonjwa ulitokea akiwa na miaka 2, sasa ana 9, karatasi za hospitali zilishapotea. Amechelewa?

#14 Mtabibu77

Hajachelewa, mkuu. Nenda kliniki ya watoto ya hospitali ya wilaya au ya mkoa na maelezo haya: mwaka aliougua, hospitali ipi, siku alizokaa bila fahamu kwa kadiri familia inavyokumbuka, alitembea na kusema lini kabla na baada. Kadi ya kliniki ya utotoni, kama ipo, inaonyesha uzito na tarehe za kulazwa. Beba madaftari ya shule ya mihula miwili na barua fupi ya mwalimu inayotaja anachoshindwa kufanya, si sifa zake. Omba vipimo kwa mpangilio huu: masikio, macho, wingi wa damu, kisha tathmini ya kifafa, na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ikiwa kuna kuzubaa au kuanguka. Baada ya hapo mtaalamu wa tiba kwa vitendo au mwanasaikolojia apime umakini na kumbukumbu. Usianze na CT scan ya kichwa, ni ghali, na kwa watoto hawa mara nyingi hutoka safi huku tatizo likiwa palepale.

Na barua ya mwalimu iandikwe mbili, moja ibaki shuleni kwenye jalada lake, ili akibadilishiwa mwalimu mwakani wasianze upya.